Proksi ya Maktaba: Kuichagua, Kuiweka na Kuitunza

Proksi ya maktaba ni programu inayokaa kwenye seva na kumwezesha msomaji aliye nje ya chuo kufungua majarida na kanzidata zilizolipiwa kana kwamba ameketi ndani ya maktaba. Haja yake inatokana na namna wachapishaji wanavyowatambua wateja wao. Mkataba wa JSTOR, Emerald au ScienceDirect hauna orodha ya wanafunzi. Una orodha ya anwani za IP za chuo. Kompyuta yoyote inayoingia mtandaoni kwa anwani hizo hufunguliwa mlango bila kuulizwa nenosiri. Mwanafunzi yuleyule akirudi nyumbani Kigamboni, au akienda Kasulu kukusanya data za utafiti, simu yake hutoka kwa anwani ya kampuni ya simu. Makala aliyoisoma bure asubuhi sasa inamtaka alipe kwa dola.

Proksi husimama katikati. Msomaji hubofya kiungo kinachoanza na anwani ya proksi na kuishia na anwani ya jarida analolitaka. Proksi humuuliza jina na nenosiri. Ikiridhika, huenda yenyewe kwa mchapishaji kwa anwani ya IP iliyosajiliwa, huchukua ukurasa, kisha huuandika upya kabla ya kumkabidhi msomaji. Kila kiungo kilichomo hugeuzwa ili mbofyo unaofuata nao upitie hapohapo. Ndiyo maana www.jstor.org huonekana kwenye kivinjari kama www-jstor-org.proksi.mfano.ac.tz. Nukta zimegeuzwa vistari kwa sababu ya cheti cha usalama: cheti chenye kinyota hulinda ngazi moja tu ya jina, kwa hiyo www.jstor.org.proksi.mfano.ac.tz, lenye nukta zake zote, lingekuwa nje ya ulinzi wake na kivinjari kingemtisha msomaji kwa onyo jekundu.

Utaratibu huo una matokeo mawili yanayosahaulika mara nyingi wakati wa kununua. La kwanza ni kwamba data zote hupita kwenye seva ya proksi, kuingia na kutoka. Wanafunzi 200 wakishusha makala ya megabaiti 5 kila mmoja, seva huvuta gigabaiti moja kutoka kwa mchapishaji na kusukuma gigabaiti nyingine kuelekea kwa wanafunzi. La pili ni zito zaidi. Usimbaji wa HTTPS huanzia kwa msomaji na kukomea kwenye proksi, kisha mwingine huanzia hapo hadi kwa mchapishaji. Katikati, ndani ya seva, kila kitu kiko wazi: anachosoma mtu, anachotafuta, hata nenosiri la akaunti yake binafsi kwenye tovuti ya mchapishaji. Swali la nani aishike seva hiyo, kwa hiyo, ni suala la uaminifu kwanza, na la bei baadaye.

Programu iliyoenea zaidi katika kazi hii ni EZproxy. Iliandikwa mwaka 1999 na Chris Zagar, mkutubi wa Estrella Mountain Community College, jimboni Arizona, Marekani, aliyeiuza kupitia kampuni yake ya Useful Utilities. Mwaka 2008 ilinunuliwa na OCLC, shirika la ushirika wa maktaba lenye makao yake Dublin, Ohio. Mwanzoni chuo kililipa mara moja na kuitumia kitakavyo. OCLC baadaye iliihamishia kwenye ada ya mwaka, na kuanzia toleo la 6 programu huhitaji ufunguo wa leseni unaohakikiwa na OCLC. Vyuo vingi vilivyokuwa na toleo la 5 viliamua kubaki nalo ili kukwepa ada hiyo. Uamuzi huo ulieleweka kwa miaka michache tu. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa vilipoacha kukubali usimbaji wa zamani wa TLS 1.0 na 1.1, programu za zamani zisizopata marekebisho zilianza kuwaangusha wasomaji.

Alama ya mkutubi aliyeiandika bado inaonekana. Mipangilio yote ya EZproxy imo katika mafaili ya maandishi ya kawaida, na kila kanzidata ina kifungu chake chenye mistari michache. Mstari wa kwanza, Title, hutaja jina litakaloonekana kwenye orodha. Wa pili, URL, hutaja ukurasa wa kuanzia. Kisha hufuata mistari ya Host na Domain inayotaja majina yote ya seva ambazo proksi inaruhusiwa kuziandika upya. Kifungu cha JSTOR kinaweza kutosha kwa mistari minne. Vya wachapishaji wakubwa hufika kumi au zaidi, kwa sababu makala iko kwenye kikoa kimoja, picha kwenye kingine, na faili la PDF kwenye cha tatu.

Mpangilio wa mistari hiyo ndio kazi halisi ya proksi. Mchapishaji anapohamisha tovuti yake au kuongeza kikoa kipya, kifungu cha zamani huvunjika kimyakimya: ukurasa wa muhtasari unafunguka, lakini kitufe cha PDF kinampeleka msomaji nje ya proksi na kumkutanisha na dai la malipo. Hakuna kengele inayolia. Kinachotokea ni mwanafunzi wa uzamili kukata tamaa saa nne usiku na kuomba makala hiyo kwenye kundi la WhatsApp. OCLC huchapisha vifungu vilivyohakikiwa vya kanzidata nyingi, na wakutubi duniani hubadilishana marekebisho, lakini lazima awepo mtu wa kuyachukua na kuyaweka. Chuo kisicho na mtu aliyepewa saa mbili au tatu kila wiki kwa kazi hiyo kitakuwa na proksi iliyokufa nusu ndani ya mwaka, iwe kimelipia programu ya bei gani.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina mahali inapofaa. VPN huipa kompyuta ya msomaji anwani ya chuo moja kwa moja, hivyo hakuna cha kuandika upya na hakuna kifungu cha kuvunjika. Tatizo lake ni msomaji mwenyewe. Lazima asakinishe programu, aiwashe, na akumbuke kuizima, la sivyo video zote anazotazama nazo zitapitia chuoni. Kwa mhadhiri mwenye kompyuta ya ofisi inayosimamiwa na idara ya TEHAMA, VPN ni nzuri sana. Kwa mwanafunzi mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku, ni mzigo. Squid, programu huria inayofahamika kwa wataalamu wengi wa mitandao, hupendekezwa mara kwa mara kwa sababu haina ada, lakini huhitaji kila msomaji abadilishe mipangilio ya kivinjari chake. Kwenye simu jambo hilo huwashinda wengi. Kuokoa ada ya leseni kwa kuhamishia kazi mabegani mwa wanafunzi elfu kumi si akiba.

Njia iliyo tofauti kimsingi ni utambulisho wa shirikisho. Hapa mchapishaji haangalii tena anwani ya IP. Humrudisha msomaji kwenye ukurasa wa kuingilia wa chuo chake, chuo huthibitisha kuwa huyu ni wake, kisha hutuma ujumbe uliosainiwa kielektroniki usemao tu kwamba ni mwanafunzi au mtumishi. Lugha ya ujumbe huo ni SAML, na programu huria iliyoieneza vyuoni ni Shibboleth, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2003 kutokana na mradi wa Internet2 nchini Marekani. Uingereza ilikuwa imeanza mapema zaidi na mfumo wa Athens mwaka 1996. Mrithi wake, OpenAthens, leo huuzwa kama huduma kamili kwa maktaba zisizotaka kuendesha chochote zenyewe, na ndani yake imo proksi kwa ajili ya wachapishaji wasiotumia SAML.

Faida za shirikisho ni kubwa. Makala haipiti kwenye seva ya chuo, kwa hiyo hakuna msongamano. Nenosiri linaandikwa mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa chuo. Mtu mmoja akivunja masharti, mchapishaji anaweza kumzuia yeye bila kukifungia chuo kizima. Kenya ina shirikisho lake, RAFIKI, linaloendeshwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi hiyo. Uganda ina lake chini ya RENU. Hata hivyo mchapishaji mdogo, na hata baadhi ya wakubwa, bado wanajua IP tu, na kila anayejua SAML lazima asajiliwe na kujaribiwa mmoja mmoja. Msomaji naye hukutana na orodha ndefu ya vyuo vya dunia nzima na kutakiwa atafute chake. Mradi wa SeamlessAccess, ulioanza mwaka 2019, umejaribu kupunguza usumbufu huo kwa kuufanya ukurasa ukumbuke chuo kilichochaguliwa mara ya mwisho. Kwa maktaba nyingi za Afrika Mashariki, jibu la busara kwa miaka ijayo ni proksi na shirikisho kwa pamoja, proksi yenyewe ikiwa imeunganishwa na ukurasa uleule wa kuingilia wa chuo. EZproxy inaweza hilo.

Kundi la tatu ni huduma zinazokuja kama programu ya simu na kiongezi cha kivinjari. MyLOFT, iliyotengenezwa India, ni mfano unaojulikana, na imeingia katika maktaba kadhaa za vyuo Kenya. Kiongezi huwa na orodha ya tovuti za maktaba na huzipitisha hizo tu kwenye proksi, nyingine zikienda njia yake ya kawaida. Hilo huondoa tatizo la viungo kuandikwa upya vibaya, na msomaji anaweza kuhifadhi makala na kuisoma bila mtandao. Gharama yake ni kwamba kila msomaji lazima asakinishe kitu. Mgeni anayetumia kompyuta ya dukani Morogoro mjini hawezi.

Kabla ya kulinganisha bei, maktaba inapaswa kujibu swali moja: watumiaji wake ni akina nani, na nani anaweka orodha yao? Proksi haijui mwanafunzi ni nani. Huuliza kwingine: saraka ya chuo ya LDAP au Active Directory, seva ya Shibboleth, au mfumo wa maktaba wenyewe. Chuo kinachotumia mfumo wa maktaba wa Koha kinaweza kuifanya proksi iulize Koha kwa itifaki ya SIP2, ileile inayotumiwa na mashine za kuazimia vitabu, ili msomaji aingie kwa namba ya kadi yake ya maktaba. Ni njia rahisi na inafaa. Lakini inategemea kumbukumbu za Koha kuwa hai. Mahali ambapo waliohitimu miaka mitano iliyopita bado wamo na walioanza mwaka huu hawajaingizwa hadi Januari, proksi itawaruhusu wasiostahili na kuwakataa wenye haki.

Kosa baya kuliko yote ni nenosiri moja kwa chuo kizima, lililobandikwa ubaoni au kutumwa kwenye kundi la darasa. Desturi hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Research4Life, mpango ulioanza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na baadaye kuongeza AGORA, OARE, ARDI na GOALI, huipa taasisi nzima jina moja na nenosiri moja, na wakutubi wengi walilelewa na utaratibu huo. Kwa proksi haufai. Wiki mbili baada ya kubandikwa, nenosiri hilo liko nje ya chuo, na siku litakapotumiwa vibaya hakuna atakayejua na nani. Mikataba ya wachapishaji kwa kawaida hutaja watumiaji wanaoruhusiwa, yaani wanafunzi waliosajiliwa, watumishi, na mara nyingi mgeni aliyeketi ndani ya maktaba. Waliohitimu kwa kawaida hawamo isipokuwa wamelipiwa. Maktaba inayotoa nenosiri la pamoja imevunja mkataba kabla msomaji hajafungua ukurasa.

Orodha ya watumiaji ikiwa tayari, linakuja suala la mahali pa kuweka seva. Zipo njia tatu: chumba cha seva cha chuo chenyewe, mtandao wa elimu wa taifa au seva ya kukodi, na huduma inayoendeshwa na muuzaji.

Seva ya chuoni ndiyo chaguo la kwanza la wengi, na mahitaji yake ni madogo kuliko wauzaji wa vifaa wanavyopenda kusema. EZproxy kwa chuo cha kati hutosheka na seva pepe moja ya Linux au Windows yenye kumbukumbu ya gigabaiti chache. Kinachohitajika zaidi ya hapo ni mambo yasiyonunulika kwa siku moja. Inatakiwa anwani ya IP ya umma isiyobadilika, na iwe ya proksi peke yake. Vyuo vingi hupitisha kompyuta zote za kampasi nyuma ya anwani moja ya nje. Proksi ikichanganywa humo, mwizi mmoja wa makala anaweza kusababisha mchapishaji akifungie chuo kizima, pamoja na wasomaji walioketi ndani ya maktaba. Inatakiwa pia anwani hizo zisibadilike bila maktaba kujua. Idara ya TEHAMA ikihamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti mwezi wa Julai, kila mchapishaji lazima apewe anwani mpya kwa barua, na wengine huchukua wiki kadhaa kuziingiza.

Halafu kuna umeme na kiungo cha intaneti. Proksi ni huduma ya usiku, ya Jumapili na ya likizo, yaani nyakati ambazo wasomaji wako nje ya chuo. Ni nyakati hizohizo jenereta haiwashwi na fundi hayupo. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, kasoro hii ilijionyesha bila kificho: seva zilizokuwa zikihudumia wachache wa nje ziligeuka kuwa mlango pekee wa maktaba, huku watumishi wenye funguo za chumba cha seva wakiwa majumbani.

Kuiweka seva kwenye kituo cha data cha mtandao wa elimu, mfano KENET au RENU, huondoa sehemu kubwa ya matatizo hayo huku seva ikibaki ndani ya nchi na mikononi mwa taasisi ya wanachama. Seva ya kukodi kwenye wingu nje ya nchi nayo huwezekana, ila wachapishaji wengine huzitilia shaka anwani za kampuni za wingu, kwa sababu wavunaji wa makala hujificha humo. Wapo wanaopinga kuweka proksi Ulaya kwa hoja kwamba itakuwa mbali na msomaji. Hoja hiyo ina uzito mdogo. Seva nyingi za wachapishaji wenyewe ziko nje, na safari ya ng'ambo ipo kwa vyovyote vile, iwe kabla ya proksi au baada yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania kudorora, proksi za chuoni na za ng'ambo zote ziliguswa. Mahali pa seva panaweza kuponya kukatika kwa umeme. Kukatika kwa waya wa baharini hapawezi.

Njia ya tatu ni kumwachia muuzaji. OCLC huiendesha EZproxy kwa niaba ya maktaba, OpenAthens haina namna nyingine ya kutumiwa, na MyLOFT ni hivyohivyo. Ada huwa juu kuliko ya leseni pekee, lakini ndani yake kuna mshahara wa mtu anayerekebisha vifungu, anayehuisha vyeti na anayepokea simu. Chuo chenye mtaalamu mmoja wa mitandao, ambaye pia ndiye anayetengeneza mashine za uchapaji na kusimamia mfumo wa matokeo, kinanunua kitu ambacho chenyewe hakina. Kinachopaswa kuandikwa kwenye mkataba ni anwani zitakazotumika na kama ni za chuo hicho pekee, muda wa kurekebisha kifungu kilichovunjika, haki ya kupata kumbukumbu za matumizi zikiwa ghafi, na kikoa kitakachotumika. Kikoa kiwe cha chuo. Viungo vya proksi husambaa kwenye mihtasari ya kozi, kwenye Moodle na kwenye orodha za marejeo. Vikiwa chini ya jina la muuzaji, siku ya kuachana naye vyote hufa.

Vyeti vya usalama vinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndivyo vitakavyoangusha proksi nyingi katika miaka michache ijayo. Proksi huhitaji cheti chenye kinyota na rekodi ya DNS yenye kinyota, ili jina lolote mbele ya proksi.mfano.ac.tz lifike kwenye seva ileile. Desturi ya vyuo vingi imekuwa kununua cheti mara moja kwa mwaka kwa njia ya ununuzi wa kawaida: hati ya maombi, nukuu za bei, sahihi za wakubwa. Wakati wa utaratibu huo unaisha. Baraza linaloweka kanuni za vyeti, CA/Browser Forum, liliamua Aprili 2025 kwamba uhai wa cheti ushuke hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Hakuna ofisi ya manunuzi itakayoweza kukimbizana na siku 47. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti vyenye kinyota bila malipo tangu mwaka 2018, lakini kwa uthibitisho wa njia ya DNS pekee, kwa hiyo seva ya DNS ya chuo lazima ikubali kubadilishwa na programu bila mkono wa mtu. Maktaba inayopanga proksi sasa inapaswa kudai hilo tangu siku ya kwanza.

Usalama wa proksi ni wa majina na manenosiri zaidi kuliko wa mashine. Machi 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki Wairani 9 kwa kuvamia akaunti za maprofesa katika vyuo vikuu 144 vya Marekani na 176 vya nchi nyingine 21. Njia yao ilikuwa barua pepe za ulaghai zilizompeleka profesa kwenye ukurasa wa kuingilia wa bandia, na kwa mujibu wa mashtaka, akaunti zilizoibwa ziliuzwa kwa wateja waliotaka kuingia kwenye maktaba za vyuo hivyo. Maktaba ndiyo ilikuwa bidhaa.

Dalili ya akaunti iliyoibwa hufika kama barua ya mchapishaji: kati ya saa fulani na fulani, anwani yenu ilishusha mamia ya makala kwa mfululizo, nasi tumeifunga hadi mtakapotueleza. Hapo maktaba inahitaji kumpata mtu mmoja miongoni mwa maelfu. Kwanza igeuze saa, kwa maana mchapishaji huandika kwa saa za UTC au za kwake, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa 3. Kisha itafute kwenye kumbukumbu za proksi mistari ya kikoa cha mchapishaji huyo katika dakika hizo. EZproxy huandika jina la mtumiaji kwenye mistari hiyo ikiwa tu imeamriwa, kwa Option LogUser. Njia yenye staha zaidi ni kuandika namba ya kikao kwa Option LogSession na kuweka uhusiano wa namba na jina kwenye faili la ukaguzi peke yake. Chuo ambacho hakikuwasha lolote kati ya hayo hakina cha kumjibu mchapishaji, na anwani hubaki imefungwa. Amri ya UsageLimit, inayomsimamisha mtumiaji anayepita kiwango cha megabaiti ndani ya muda uliowekwa, ingezuia barua hiyo isiandikwe kabisa.

Kuna amri nyingine inayohitaji uangalifu wa pekee katika ukanda huu. EZproxy inaweza kuizuia anwani ya IP inayokosea nenosiri mara nyingi kwa mfululizo. Marekani, ambako programu ilizaliwa, anwani moja mara nyingi ni nyumba moja. Kampuni za simu za Afrika Mashariki huwapitisha wateja wengi mno nyuma ya anwani chache za umma. Ukikazwa sana, ulinzi huo utawafungia nje wanafunzi wa mtaa mzima kwa kosa la mmoja, tena wiki ya mitihani. Kizuizi cha jina la mtumiaji kiwe kikali, cha anwani ya IP kiwe kilegevu.

Kumbukumbu hizo za matumizi ni taarifa binafsi, na sheria imeshazifikia. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao za ulinzi wa data mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote huweka masharti kwa anayepeleka taarifa za watu nje ya nchi, na proksi inayoendeshwa na muuzaji wa ng'ambo hufanya hivyo kila mwanafunzi anapoingia. Sheria haikatazi, ila inataka msingi wa kisheria, mkataba na taarifa kwa mhusika. Maktaba iamue pia kumbukumbu zikae muda gani. Miezi michache hutosha kujibu malalamiko ya mchapishaji. Baada ya hapo zibaki takwimu tupu zisizo na majina. Alichosoma mwanafunzi wa uuguzi kuhusu ugonjwa fulani hakimhusu mtu mwingine.

Kuhusu gharama, miungano ya maktaba ndiyo yenye nguvu. COTUL ya Tanzania, KLISC ya Kenya na CUUL ya Uganda tayari hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama wao, na muungano unaonunua majarida kwa pamoja unaweza vilevile kununua proksi kwa pamoja, au kumwajiri fundi mmoja wa kutunza vifungu vya wanachama wote. Kanzidata wanazolipia zinafanana kwa kiasi kikubwa. Hakuna sababu ya kila chuo kuhangaika peke yake na kifungu kilekile kilichovunjika.

Kwa hali ilivyo, chuo kikubwa chenye timu ya TEHAMA inayosimama usiku na mchana kinaweza kuiendesha EZproxy chenyewe, na kifanye hivyo katika kituo cha data cha mtandao wa elimu kuliko ghorofani kwake. Chuo cha kati au kidogo kinunue huduma inayoendeshwa na muuzaji, kwa kikoa chake chenyewe na kwa mkataba wa muungano. Wote wawili wajiunge na shirikisho la utambulisho mara linapopatikana nchini mwao. Na chuo ambacho bado kinabandika nenosiri moja ubaoni kisiombe bei ya programu yoyote kwa sasa. Kianze na ofisi ya msajili, kipate orodha sahihi ya wanafunzi walio hai chuoni, na kuhakikisha inahuishwa kila muhula.